Minyoo wa Baridi, Minyoo wa Joto

Jumatatu, Lushoto. Udongo saa 1 asubuhi: nyuzi 13.

Viwavi wa nondo wa nta wametoroka. Walikuwa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, wakila pumba, asali na masega makuukuu niliyoomba kwa mfuga nyuki wa Magamba. Usiku wametoboa mfuniko. Wengi nimewaokota sakafuni. Wachache walifika mbali zaidi, wakaingia kwenye faili la risiti na kujisokotea hariri juu ya matumizi ya dizeli. Mhasibu anasema risiti zilizoshonwa pamoja hazikubaliki kwenye ukaguzi.

Viwavi hao ni chakula cha minyoo wetu, na minyoo ndio mradi. Si minyoo wa tumboni, wala si minyoo fundo wanaotia vinundu kwenye mizizi ya nyanya. Hawa huwinda wadudu. Mmoja ana urefu wa nusu milimita hadi milimita moja. Hukaa udongoni bila kula, akiishi kwa akiba ya mafuta mwilini mwake, mpaka apite kiwavi. Akimpata humwingia kwa mdomo, kwa njia ya haja au kwa matundu ya kupumulia, kisha humwaga bakteria aliokuja nao tumboni. Kiwavi hufa ndani ya siku moja au mbili, joto likiruhusu. Lisiporuhusu ndipo ninapoajiriwa mimi.

Mashamba ya majaribio ni mawili, yote ya nyanya: moja hapa juu, lingine Mombo, kule chini barabara inapoanza kupanda. Ni mwendo wa saa moja na kitu kwa Noah, dereva asipokuwa na haraka ya kufa. Adui ni kantangaze, nondo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya, aliyetoka Amerika ya Kusini, akaonekana Hispania mwaka 2006 na kubisha hodi Tanzania mwaka 2014. Mkuu wa mradi ametazama simu yake na kutangaza kwamba joto la kazi ni nyuzi 19. Nimemwambia simu inasema habari za hewa, na minyoo tunawaweka udongoni. Amesema tuanze na 19, mengine tutarekebisha.

Jioni nimempitia babu mlinzi getini.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Hao minyoo wenu, hawawezi kuniingia?"

Nimemweleza kwamba mwili wa mtu una nyuzi 37, na joto hilo si lao. Amefikiri kidogo. Amesema kwa baridi ya hapa usiku, yeye hana hakika kama anafika 37.

Jumanne, Mombo kituoni. Ndani ya kifurushi: nyuzi 36.

Minyoo wamefika kwa basi kutoka Arusha. Waliondoka ndani ya deli lenye barafu. Barafu ikaanza kuyeyuka maeneo ya Mwanga, maji yakamdondokea abiria, konda akatafuta ufumbuzi. Alikitoa kifurushi kwenye deli, akakifuta vizuri na kukiweka juu ya kifuniko cha injini, pembeni ya dereva, mahali pakavu kuliko pote ndani ya basi. Deli limekuja tupu, nalo lina ubaridi mzuri.

"Dada, si umeandika humu kuna viumbe hai?" konda ameniuliza. "Basi nimewapa joto."

Pakiti ni mbili. Ya kwanza ni Steinernema feltiae, wa shamba la juu. Hao ni watu wa baridi: maabara imeonyesha kwamba huweza kushambulia mdudu kuanzia nyuzi 8 mpaka 30, na kuzaana ndani yake kati ya 10 na 25 tu. Ya pili ni Heterorhabditis indica, waliopewa jina la kisayansi mwaka 1992 baada ya kupatikana Coimbatore, kusini mwa India, nao wanaelewana na jua. Nimefungua pakiti ya feltiae hapo hapo kituoni. Harufu ilikuwa ya dagaa walioanikwa wakanyeshewa. Mnyoo mzima hanuki hivyo. Indica wako salama, kidogo wamechangamka.

Mkuu ameandika kwa kalamu ya wino mzito, B kwenye pakiti ya wa baridi na J kwenye pakiti ya wa joto, ili mkanganyiko usitokee.

Jumatano, Lushoto. Friji la jikoni: nyuzi 3.

Mama mpishi ameona pakiti yenye herufi J juu ya meza ya ofisi. J ni jikoni. Ameichukua na kuiweka kwenye friji kati ya maziwa na maini, mahali pa heshima.

Feltiae angekaa humo wiki kadhaa bila malalamiko. Ndivyo anavyohifadhiwa, nyuzi 4 hadi 10. Indica hawezi. Yeye hutunzwa kwenye nyuzi 15 hivi, na baridi ya friji humuua. Nimeweka tone kwenye hadubini. Wamenyooka wote, hakuna anayejisumbua.

Mkuu ameomba maelezo ya sentensi moja kwa ajili ya wafadhili. Nimeandika: wa baridi wamekufa kwa joto, na wa joto wamekufa kwa baridi. Amesema inasomeka kama kitendawili na ameirudisha.

Mama mpishi ameniita pembeni kuuliza kama maini bado yanalika. Yanalika.

Alhamisi, wiki iliyofuata.

Pakiti mpya nimezifuata Arusha mwenyewe, nikarudi nazo mapajani. Konda alikuwa yule yule. Amenisalimu kama mtu anayemsamehe mwenzake.

Safari hii msambazaji ameongeza aina ya tatu, Steinernema carpocapsae. Huyu hatembei kutafuta windo. Hungoja karibu na uso wa udongo, akijiinua kwa mkia na kuyumbayumba mpaka mdudu apite. Akiwa hana la kufanya hulala kimya, mwili umenyooka na ncha moja imepinda kidogo. Mkuu amemtazama kwenye hadubini, akaona kundi zima liko hivyo, akasema wamekufa. Hakuna aliyeulizwa. Barua pepe ya malalamiko imeondoka saa 4 na dakika 10, nakala kwa watu ambao sijui kama wapo.

Nimekiweka kisahani kwenye kiganja kwa dakika chache kipate uvuguvugu, kisha nikamgusa mmoja kwa ncha ya sindano. Amejikunja. Nikamgusa wa pili, naye hivyo hivyo. Baada ya muda kisahani kizima kilikuwa kinacheza. Mkuu ametazama tena, kimya, akirekebisha lenzi ambayo haikuwa na tatizo. Jibu la msambazaji limefika mchana. Limeambatanisha kijitabu cha maelekezo, ukurasa wa pili umezungushiwa duara.

Ijumaa, Mombo. Uso wa udongo saa 7 mchana: nyuzi 51. Kina cha sentimita 5: nyuzi 33.

Simu ya mkuu bado inasema 19. Inaonekana imebaki Lushoto.

Nilikuwa nimesema tupulizie saa 11 jioni, jua likishalainika, kwa sababu minyoo hawavumilii mwanga mkali wala ukavu. Tufike mapema tu, tunyeshee kwanza, tungoje. Kijana wa kumwagilia ni mchapakazi, na kungoja ni kitu asichokijua. Nilipotoka kivulini alikuwa tayari ameunganisha mpira mweusi wa maji uliolala juani tangu asubuhi, amejaza bomba la mgongoni na kumimina humo robo ya pakiti. Nimetumbukiza kipimajoto. Nyuzi 44.

"Mbona yana moto hivi?" kijana ameuliza.

Nimemwambia amwage. Amemwagia mgomba ulio jirani, akasema angalau utapata rutuba. Kweli utapata.

Jioni tumeyaacha maji ya moto yaliyokuwa ndani ya mpira yaishe kwanza, tukachota yaliyofuata. Chujio nilikuwa nimelitoa ndani ya bomba, maana tundu zake ni ndogo kwa mnyoo. Kijana akalirudisha, kwa kuwa bomba lisilo na chujio ni uzembe na yeye si mzembe. Mstari wa kwanza wote umepuliziwa maji safi. Tulipofungua, minyoo walikuwa wamejazana juu ya chujio, utando mzito wenye rangi ya malai. Nimewaosha kwa maji na kuwarudisha.

Tena minyoo huzama. Bomba likitulia hulala chini, hewa ikiwaishia hufa, na mche wa mwisho unapata wote kwa mpigo. Kwa hiyo nimemwomba kijana atikise mgongo kila baada ya hatua chache. Ametikisa. Watoto wa shule waliokuwa wanapita wamesimama kwenye uzio kutazama mtu mzima akicheza peke yake katikati ya nyanya bila muziki. Mmoja amempigia makofi ya kumshikia mdundo, na tangu hapo kazi ilikwenda sawasawa kabisa.

Jumamosi, Mombo.

Msimamizi wa shamba jirani ni mtu mkarimu. Ameokota pakiti tupu, akasoma neno nematodi na kuelewa tuna shida gani. Alfajiri, kabla hatujafika, ametusaidia kwa kutumwagia vitalu viwili dawa ya kuulia minyoo fundo, ya kwake mwenyewe, bila kudai kitu.

Nimemshukuru. Vitalu hivyo vimeandikwa kwenye daftari kama vitalu linganishi.

Jumatatu, Lushoto. Udongo saa 1 asubuhi: nyuzi 12.

Indica tuliowajaribu hapa juu wako hai na hawafanyi kitu. Viwavi wa nta niliowafukia pamoja nao wamenenepa. Kwenye baridi hii mnyoo wa joto hatembei, na hata akiingia ndani ya mdudu, bakteria wake huongezeka polepole mno. Feltiae upande wa pili wa uzio anaendelea na kazi kama mtu wa kwao.

Ila baridi humchelewesha kantangaze pia, na hapa ndipo hesabu inapokuwa tamu. Kwa nyuzi 14, kizazi kimoja, kuanzia yai mpaka nondo, huchukua siku 76 hivi. Kwa nyuzi 20 ni kama siku 40. Kwa nyuzi 27 ni siku 24. Maana yake, kantangaze wa Lushoto akiwa bado anajiuliza kama awe nondo, mwenzake wa Mombo aliyeanguliwa siku moja naye ana wajukuu. Juu tuna adui mzito na mnyoo anayeweza kumfikia. Chini tuna adui mwepesi, na mnyoo ambaye akiba yake ya mafuta inaungua haraka kwa sababu ya joto lile lile, kwa hiyo hana muda wa kungoja kama wa juu. Bado sijaona kipeperushi chochote kinachoyaweka mambo haya mawili kwenye ukurasa mmoja.

Nimemwonyesha mkuu hesabu hiyo. Ameuliza kama wastani wa 76 na 24 ni 50.

Jumanne usiku, Lushoto.

Umeme umekatika. Nimemwita babu mlinzi chumba cha maabara aone kitu, akaja na tochi. Nimemwomba aizime. Tumekaa gizani kiasi cha dakika kumi macho yazoee, yeye akinisimulia kesi ya shamba ya mdogo wake.

Kisha wakaonekana. Viwavi wa Mombo waliouawa na indica, ambao mchana huwa na rangi ya tofali, usiku hutoa mwanga hafifu sana wa kijani-buluu, mwanga unaopotea ukiukodolea macho na kurudi ukitazama pembeni. Ni bakteria wa mnyoo, Photorhabdus, ndio wanaowaka. Babu alinyamaza katikati ya kesi.

Nimemsimulia ya Shiloh. Aprili 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, jimbo la Tennessee: majeruhi walilala kwenye matope na mvua, na inasimuliwa kwamba vidonda vya baadhi yao viliwaka gizani, na waliowaka walipona vizuri kuliko wengine. Mwaka 2001 wanafunzi wawili wa sekondari walitoa maelezo yanayowezekana: bakteria hawa hawa walitoka udongoni wakaingia vidondani. Kikwazo kilikuwa joto la mwili, maana nyuzi 37 ni nyingi kwao. Wanafunzi wakajibu kwamba usiku wa Aprili kwenye matope, mwili wa majeruhi ulikuwa umeshuka chini ya hapo.

Babu amewasha tochi.

"Kwa hiyo mtu akipoa, wanaingia."

Ameomba koti la mradi. Mkuu ameidhinisha asubuhi. Fedha zimetoka kwenye fungu la vifaa vya kudhibiti joto.

Alhamisi, Lushoto.

Mkuu amesoma kuhusu Rwanda. Wenzetu wa huko wana kiwanda kidogo cha minyoo kule Rubona, na pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Neuchâtel, Uswisi, wameweka minyoo ndani ya jeli na kuidondosha kwenye moyo wa mhindi, pale anapojificha kiwavijeshi vamizi. Jeli humlinda mnyoo asikauke na jua. Kazi nzuri kabisa, na minyoo waliotumika walitoka kwenye udongo wa nchi ile ile.

Mkuu ameuliza kama jeli lazima iwe ile ya kiwandani au hata uji wa muhogo unafaa. Nimesema labda, ukishapoa. Hiyo sehemu ya mwisho haikufika jikoni. Mama mpishi ni mtu anayepeleka uji ukiwa wa moto.

Ijumaa, Lushoto.

Leo ilikuwa siku ya kupima. Miche ya kitalu cha feltiae ilifungwa utepe mwekundu. Matunda yake yahesabiwe moja moja, yenye matundu ya kantangaze yatengwe na yasiyo nayo. Majani yanatia moyo. Nimepasua mfereji wa jani moja kwa wembe nikamkuta kiwavi amelegea, rangi imekwenda kwenye kahawia hafifu, na nilipomfungua ndani ya tone la maji wametoka minyoo wakubwa kwa wadogo. Walioshuka udongoni kujifukia wamekutwa hali hiyo hiyo. Aliyewahi kuwa buu wameshindwa naye, lakini hilo lilitarajiwa. Ganda la buu ni gumu kwao.

Matunda hayakuwepo.

Mama mpishi ameeleza vizuri tu. Kulikuwa na wageni wa halmashauri, alihitaji nyanya za kachumbari, akapita vitalu vyote akichagua. Za kwingine zilikuwa na matundu. Za utepe mwekundu hazikuwa nayo, akazichuma zote. Nimemwomba arudie maelezo hayo polepole nikiandika. Ni takwimu bora kuliko zote nilizopata msimu huu, ila safu ya uzito haina kitu. Wageni wamesifu kachumbari.

Jumatatu, Mombo. Sentimita 5 chini ya matandazo ya nyasi, saa 7 mchana: nyuzi 29.

Bila matandazo, hatua mbili pembeni: nyuzi 34. Hakuna aliyelipwa kwa ajili ya nyasi hizo. Kijana alizitandika ili apate pa kukaa akingoja saa 11, maana sasa amejifunza kungoja.

Nimekuwa nikitafuta minyoo wazawa wa hapa, waliokwisha kuzoea moto huu bila kuombwa. Inawezekana wapo. Kenya waliwahi kupata wa kwao kwenye udongo wa nyanda za kati wakamwita Steinernema karii, jina la taasisi ya utafiti wa kilimo, mwaka 1997. Njia ni rahisi: unamfungia kiwavi wa nta kwenye kikopo chenye matundu, unamfukia, unarudi baada ya siku kadhaa kuona nani kamuua.

Siafu wamewaua. Vikopo vyote vilikuwa vitupu, vimesafishwa mpaka kwenye pembe, isipokuwa kimoja. Ndani yake siafu walikuwa wamepita, nyayo zao zisingeonekana lakini mchanga walioingiza ulionekana, na katikati alilala kiwavi mzima, mwekundu wa tofali, hajaguswa. Bakteria wa Heterorhabditis hutengeneza kitu kinachowachukiza chungu wasile mzoga kabla minyoo hawajamaliza kuzaana ndani yake. Nilikuwa nimelisoma hilo. Sikutegemea siafu wa Mombo nao watakuwa wamelisoma.

Nimemsafirisha mpaka Lushoto ndani ya mfuko wa shati, kwenye Noah, nikiwa nimebanwa kati ya magunia mawili ya mchele. Amewekwa juu ya karatasi yenye unyevu, kando ya maji. Watoto wa minyoo wakitoka ndani yake watajivuta kwenda majini nami nitawakusanya. Friji limebandikwa karatasi yenye jina langu na neno HAPANA.

Jumatano, Lushoto.

Ripoti inajazwa kwenye mtandao. Ina kurasa tano kuhusu usafiri na kisanduku kimoja kuhusu joto: "Joto la eneo la mradi. Weka namba moja."

Nimeweka tano: 13 ya udongo wa juu, 33 ya udongo wa chini, 36 ya injini ya basi, 3 ya friji, 44 ya mpira wa maji. Mfumo umekataa. Mkuu amekuja na kikokotoo, akajumlisha, akagawa kwa tano, akapata 26 kasoro kidogo. Nyuzi 26 ni joto ambalo hata feltiae angefanya kazi na indica angefurahia. Hatujalipima popote, siku yoyote.

Mfumo umelipokea. Pembeni ya kisanduku ikatokea alama ya kijani na maneno: "Hali inafaa."